Ukisikia “balance”, uliza ni ya nani

Mama wa Butembo aliyefika Kampala kununua vitenge hukutana na neno hili kabla hajatoka duka la kwanza. Yuko Kikuubo, ametoa noti ya shilingi 50,000 za Uganda, alivyochukua ni vya 38,000, na muuzaji anamwambia: “Nyabo, your balance.” Nyabo ni neno la Kiganda la kumwita mama kwa heshima, hilo analijua. Lakini hiyo “balance”? Yeye alisoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa “balance” ni mizani. Vitenge havipimwi kwa mizani. Anapotazama mkono wa muuzaji ndipo anapoiona chenji yake, 12,000, imenyooshwa mbele yake.

Hapo hajapoteza kitu. Wa kuhurumiwa ni yule aliyelishika neno kwa maana hiyo moja, akarudi Butembo akijua kwamba “balance” ni fedha ya kurudishiwa, kisha siku moja akapokea ujumbe kutoka kwa muuzaji wake wa Kampala: “You have a balance of 120,000.” Anafurahi, akidhani kuna fedha inamsubiri. Kumbe anadaiwa.

Haya ninayaandika kwa ajili ya wachuuzi wa Mususa na Kimemi huku Butembo, wanunuzi wa kakao wa Beni, wazazi wenye watoto katika shule za Uganda, na vijana wanaofuata masomo ya Kiingereza jioni baada ya kazi. Wengi wanaogopa maneno marefu. Mimi naona maneno marefu hayana ubaya: ukikutana na neno refu unajua hulijui, unauliza. Hatari iko kwenye neno fupi unaloamini unalijua tayari, hasa kama linafanana herufi kwa herufi na neno la Kifaransa ulilofundishwa tangu utoto.

Kinande chetu kinatuvusha mpaka bila shida. Ukitoka Kasindi ukaingia Mpondwe, Wakonzo wa ng’ambo wanakuelewa, maana Lukonzo na Kinande ni ndugu wa tumbo moja, na hadi Kasese mtu anaweza kupatana bei bila kugusa Kiingereza. Mbele ya Kasese mambo hubadilika. Kampala ni mji wa Kiganda, Kiswahili chetu hakipokelewi kila duka, na karatasi zenye fedha ndani yake zinaandikwa kwa Kiingereza. Nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, kwa hiyo karatasi hizo ni zetu pia, na anayezitia sahihi bila kuzielewa atazilipa kama zilivyoandikwa.

Basi tulifungue neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, “bilanx”, yaani chenye sahani mbili: ile mizani ya zamani yenye sahani kushoto na kulia. Wafaransa walilichukua, na Waingereza wakalipata kwa Wafaransa. Kifaransa kimeliacha zaidi kwenye chombo. Kiingereza kililisukuma mbele: kutoka kwenye chombo hadi hali ya sahani mbili kulingana, na kutoka hapo hadi kile kiasi kinachopaswa kuongezwa upande mmoja ili zilingane. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayotuhangaisha, na ndiyo pia inayotupa ufunguo. Bei iko sahani moja, malipo yako sahani ya pili. Ukilipa zaidi ya bei, muuzaji ndiye wa kuongeza upande wake, na anachoongeza ni chenji. Ukilipa chini ya bei, wa kuongeza ni wewe, na unachotakiwa kuongeza ni deni. Kiingereza cha Uganda kinaita vyote viwili “balance”.

Kifaransa kimegawa kazi hii kwa maneno mengi. Chenji ni “monnaie”, na sisi huku tunalisema hilo hata tukiwa katikati ya Kiswahili. Fedha iliyobaki kulipwa, au iliyobaki kwenye akaunti, ni “solde”. Kusimama bila kuyumba ni “équilibre”. Kiswahili nacho kina chenji, baki, salio, urari, mizani na usawa. Kwa hiyo ukisikia neno la Kiingereza, usikimbilie lile la Kifaransa linalofanana nalo kwa sura. Jiulize kwanza: sahani mbili ni zipi hapa, na nani anatakiwa kuongeza?

Niseme pia kwamba kuita chenji “balance” ni desturi ya huku kwetu Afrika Mashariki. Uingereza wanaita “change”. Ukienda London ukadai “my balance” kwa muuza magazeti, atakutazama bila kuelewa. Na “change” nayo ina mtego wake kwa mtu wa Kongo, kwa sababu sisi tunalijua “change” la Kifaransa, la kubadilisha dola kuwa franga. Anayetaka kubadilisha dola zake Kampala aseme “exchange” au atafute kibao cha “forex”. Akisema “I want change” ataulizwa anataka noti ndogondogo za kiasi gani.

Sasa turudi kwenye uelekeo wa deni, maana hapa ndipo fedha za watu zinapotea na urafiki wa biashara unapovunjika. Sentensi “You have a balance of 120,000” peke yake haisemi nani anamdai nani. Waingereza wenyewe huisoma kwa kuangalia imetoka wapi. Ikitoka benki au kampuni ya simu, maana yake una fedha. Ikitoka shule, hospitali au mwenye nyumba, karibu kila mara maana yake unadaiwa. Ikitoka kwa muuzaji ambaye umemkabidhi noti kubwa sasa hivi, ni chenji. Na ikitoka kwa muuzaji mliyezoeana, ambaye leo unamwachia fedha na kesho unachukua mali kwa mkopo, hata Mwingereza angeuliza.

Maneno ya jirani husaidia. Ukiona “due”, “outstanding”, “unpaid” au “to pay” karibu na “balance”, ni deni, usijidanganye. Ukiona “available” au “account”, ni salio lako. Ukisikia “take your balance” au “come for your balance”, fedha inarudi kwako. Na kama hakuna neno jirani la kukusaidia, kuna swali moja ambalo nawasihi wanafunzi walikariri hadi litoke mdomoni bila kufikiri: “Do I owe you, or do you owe me?” Je, wewe unanidai au mimi nakudai? Kitenzi “owe” ni kifupi, kinatamkwa kama “ou”, na mfanyabiashara anayekijua vizuri anaweza kuishi miaka bila kutumia “balance” kabisa. Aifahamu tu anapoisikia.

Wazazi, nawaombeni msome aya hii polepole. Mwaka wa shule Uganda una mihula mitatu, na mwishoni mwa muhula shule humpa mtoto barua ya kupeleka nyumbani. Humo mtakuta mstari wa “fees balance” na tarakimu mbele yake. Hiyo ni karo ambayo hamjamaliza. Haimaanishi kwamba shule imewawekea akiba ya muhula ujao. Ikiandikwa “nil”, au sifuri, mmemaliza. Ikiandikwa “balance brought forward”, au kwa kifupi “B/F”, ni deni la muhula uliopita lililobebwa kuja huu mpya, na ndiyo sababu jumla inazidi ile karo mliyoambiwa mwanzoni. Kama kweli mlilipa zaidi, shule nyingi huandika “credit” au “overpayment”. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hukosa masomo ambayo hakuna atakayemrudishia, na inasikitisha kuona jambo hilo likitokea kwa kutoelewa mstari mmoja wakati fedha ilikuwapo.

Kwa wafanyabiashara wakubwa, wale wanaoagiza kutoka Guangzhou, neno hili hukaa kwenye mstari mfupi ambao nimewaona watu wakiupita kama maandishi ya mapambo: “30% deposit, 70% balance before shipment.” Tuuvunje. Bidhaa ni za dola 20,000. Unatanguliza dola 6,000 ili kiwanda kianze kazi. Dola 14,000 zilizobaki ndizo “balance”, na kwa maneno hayo unazilipa zote kabla mali haijapakiwa melini. Si Mombasa, wala si Kasindi mali ikishafika. Kwenye mstari huo “balance” yenyewe haina utata. Neno la kulitazama kwa macho mawili ni lile linaloifuata. “Before shipment” ni kabla ya kupakia. “Against copy of bill of lading” ni baada ya mali kupakiwa, ukishatumiwa nakala ya hati ya meli. “On arrival” ni ikishafika. Kati ya la kwanza na la mwisho kuna bahari nzima, na ukilipa kabla ya kupakia, fedha yako ndiyo inayobeba hatari ya njiani. Kama masharti ni “before shipment”, tafuta mtu wa kwenda kutazama mali kiwandani kabla hujatuma hizo asilimia 70.

Katika mstari huohuo kuna jirani mwingine wa kutuchanganya: “deposit”. Butembo “dépôt” ni ghala, kila mtu anajua dépôt ya saruji na dépôt ya vinywaji. “Deposit” ya Kiingereza ni fedha ya kutanguliza, ile Wafaransa wanayoiita “acompte”. Mtu anayesoma “30% deposit” akadhani asilimia 30 ya mali itawekwa ghalani ameshapotea kabla hajafika kwenye “balance”.

Halafu kuna “balance” isiyo fedha. Umelipia katoni 60, zimekuja 45, na karatasi inasema “balance 15 ctns to follow”. Hapo ni mali iliyobaki, katoni 15 ambazo bado hazijatumwa. Sahani mbili ni zilezile: ulicholipia upande mmoja, ulichopokea upande wa pili. Ushauri wangu ni huu: tarakimu ikija bila jina la fedha mbele yake, bila “USD” wala “UGX”, usikubali kuisoma kwa kukisia. Uliza “Balance of what?” Maneno matatu tu, na hakuna anayekasirika kuulizwa.

Wauzaji wa kakao wa upande wa Beni wana tabu ya namna yao. Kakao ni zao la mizani: unapima kilo, unakadiria unyevu, na mabishano mengi huanzia kwenye chombo cha kupimia. Sasa mnunuzi anayesema Kiingereza akiandika “We shall send the balance on Friday”, muuzaji aliyezoea Kifaransa cha sokoni anaweza kudhani Ijumaa italetwa mizani mpya. Kumbe anaahidiwa malipo yaliyobaki. Mkitaka kuzungumzia chombo kwa Kiingereza semeni “scale” au “weighing scale”. Ile kubwa ya kupimia malori, “pont-bascule” yetu, ni “weighbridge”. Neno “balance” kwa maana ya chombo bado lipo katika Kiingereza, lakini limehamia zaidi maabara, kwenye mizani nyeti za kupimia dawa na kemikali. Mwanafunzi wa kemia atalikuta huko, na atakuwa mmoja wa wachache ambao Kifaransa chao kimewasaidia.

Kwenye simu na benki mambo ni mepesi. “Check balance” ni kuangalia salio, lile ambalo M-Pesa na Airtel Money za kwetu hukuandikia kama “solde”. “Minimum balance” ni kiasi ambacho benki haikuruhusu kushuka chini yake. Jambo moja tu linastahili tahadhari: taarifa ya akaunti inaweza kuonyesha salio la aina mbili, na lile la kutumia ni “available balance”. La pili linaweza kuwa kubwa zaidi kwa sababu lina hundi ambayo benki bado haijaikamilisha. Ukiahidi malipo kwa kuangalia lile kubwa, utaaibika.

Wanafunzi wa uhasibu wana jambo lao. Sheria za biashara za OHADA, ambazo Kongo imezifuata tangu 2012, zinafundishwa kwetu kwa Kifaransa, na humo kuna “balance” na “bilan”. Mwanafunzi anayehamia vitabu vya Kiingereza, au anayesoma katika chuo cha lugha mbili kama UCBC pale Beni, huvuta mstari wa moja kwa moja: “balance” iwe “balance”. Lakini “balance” ya mhasibu wa Kifaransa, ile orodha ya akaunti zote inayohakikisha pande mbili zinakubaliana, kwa Kiingereza ni “trial balance”. Kwa Kiswahili ni urari wa majaribio. Na “bilan”, inayoonyesha mali na madeni ya kampuni siku ya kufunga mwaka, kwa Kiingereza ni “balance sheet”, kwetu mizania. Ukiandika “the balance” tu kwenye mtihani, msahihishaji hatajua unasema ipi. Andika neno zima.

Maana ya mwili sitakaa nayo sana kwa sababu haina hasara. Kijana anayeteremsha tchukudu iliyojaa magunia kwenye mteremko wa Butembo anatafuta “balance” kwa miguu na mabega. Akiyumba amekuwa “off balance”, akianguka ameipoteza, “he lost his balance”. Kwenye kituo cha afya, “balanced diet” ni chakula chenye kila kundi: viazi au bugali, sombe, maharage, matunda, mafuta kidogo. Vilevile wauza viatu vya mitumba wanaijua “New Balance”, kampuni iliyoanza Boston mwaka 1906 kwa kutengeneza vitu vya kushikilia upinde wa unyayo ndani ya kiatu. Hapo ni usawa wa miguu unaosemwa.

Tabu hii si ya Wanande peke yao. Wajapani wamelichukua neno hilihili wakaliita “baransu”, na kwao ni usawa tu: usawa wa mwili, wa chakula, wa kazi na nyumba. Salio la benki wana neno lao, “zandaka”, na chenji wanaiita “otsuri”. Kwa hiyo Mjapani anayejifunza Kiingereza akiambiwa “your balance is 5,000” anawaza habari ya kusimama imara, kama sisi tunavyowaza mizani. Njia yetu na yao ni tofauti, lakini kosa lina mzizi mmoja: kila mmoja ana kipande kimoja cha neno na anakidhania kuwa neno zima. Ukipokea faktire ya gari lililotumika kutoka Japani, ikiwa na “balance” chini yake, kumbuka kwamba aliyeiandika alilazimika kujifunza maana hiyo ukubwani, kama wewe.

Kuhusu matamshi, jambo moja. Kifaransa hukokota mwisho wa neno na kuutoa puani. Kiingereza hupiga nguvu mwanzo, BA, kisha kinamalizia haraka, na Kampala utasikia karibu “balansi”. Ukilisema kwa pua utaeleweka kwa taabu, na kwenye simu yenye kelele za barabarani hutaeleweka kabisa.

Namna ya kujifunza. Siwashauri kuandika maana zote kwenye daftari na kuzikariri, kwa sababu orodha huja kichwani taratibu na muuzaji hasubiri. Chukua risiti zako za kweli, za Uganda, za China, za shule, na kwenye kila “balance” chora mshale: kutoka kwangu kwenda kwao, au kutoka kwao kuja kwangu. Usipoweza kuchora mshale, hujaielewa karatasi hiyo, na ni afadhali umpigie aliyeiandika leo kuliko siku ya kulipa. Kila unapoacha fedha kwa mtu, mwombe aandike sentensi kamili chini ya risiti: “Balance of 200,000 shillings to be paid by the seller to the buyer”, au kinyume chake. Sentensi hiyo ni ndefu, itamchosha kidogo kuiandika, lakini hata mtu wa tatu ataisoma bila kuuliza.

Zoezi la mdomo lifanyeni wawili nyumbani, mume na mke, au mama na binti yake anayesoma sekondari. Mmoja awe muuzaji wa Kikuubo, mwingine mnunuzi kutoka Butembo. Mnunuzi atoe 50,000 kwa kitu cha 38,000, na muuzaji aseme “Nyabo, your balance”, amhesabie fedha mkononi. Kisha mnunuzi atoe 30,000 kwa kitu kilekile, na muuzaji aseme maneno yaleyale bila kunyoosha mkono. Mnunuzi ajibu kwa Kiingereza, kwa sauti, ni nani anayedaiwa na kiasi gani. Akijibu sawa mara zote mbili bila kusita, badilishaneni nafasi, na safari hii mtumie katoni badala ya fedha.